Jiko Uani kwa Mzee

Wiki hii nilikwenda kwa wakili mmoja wa Mji wa Kale kutafuta muhuri, nikamkuta mzee mwenye duka la vitambaa akishitaki kwa mikono miwili. Jirani yake, alisema, kajenga jiko ndani ya ua wake yeye mzee.

"Lini, baba?" wakili akamuuliza.

"Mtoto wake aliyezaliwa mwaka ule sasa ameota ndevu."

Wakili akaweka kalamu chini. "Kudai ardhi, sheria inakupa miaka kumi na miwili. Imepita zamani. Ulikuwa wapi?"

Mzee akaona ameonewa. "Nalikwenda kila mara, mwanangu! Lakini nikipiga hodi tu, naambiwa karibu kahawa. Nitaanzaje ugomvi na kikombe cha mtu ki mkononi?"

"Na kahawa hiyo ikipikwa wapi?"

Mzee akatazama dari. "Jikoni."

"Jiko gani?"

"Hilo hilo."

"Basi haki yako, baba, umeinywa."

Msimcheke mzee wa watu. Sisi wa Mvita tumefunzwa kuwa aliyekukirimu humtolei maneno makali siku ile, unangoja kesho. Sheria nayo haina haya kama sisi. Wewe unangoja, yenyewe yahesabu.

Karani akaingia na birika na vikombe, akaanza na mzee kwa heshima. Mzee akakifunika chake kwa kiganja.

"Hii nayo," akamuuliza wakili, "itaninyima nini?"