Mkono wa Gauni Nilioufanya Mfuko

Majina yao wote ninayo kichwani. La mama yule, la binti yake, la yule wa Butimba aliyekuwa na mfuko, hata la mzee aliyekuwa akipima unga dukani siku ile. Siyaandiki kwa sababu wengine wana wajukuu hapa hapa Mwanza, na aibu ninayoisimulia ni yangu, si yao.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, mvua ilipokataa tukala unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Mimi nilitoka Usagara nikaolewa Mirongo. Shule nilifika darasa la pili, kusoma kwenyewe nilikuja kumalizia kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini kushona nilijua. Akina mama wa mtaa wetu tulipoanzisha kikundi, wenzangu walipiga cherehani na kutia vifungo, mimi nikapewa mkasi. Nikawa mkataji wa kikundi kizima. Wakaniita Mwalimu. Nilikuwa nacheka wakiniita hivyo, nakataa kataa, lakini moyoni nilipenda sana.

Nguo zilikuwa adimu. Dukani hakuna karatasi ya kufungia kitu, ukienda mikono mitupu utakinga unga kwenye kanga. Ndipo tukaanza kushona mifuko ya mabaki. Vipande vya kaniki, khaki za sare, pindo za kanga zilizochakaa, kila kitu tuliunganisha, na ndani tukaweka bitana ya amerikani tuliyofumua kwenye magunia ya unga. Mfuko ule unabeba, unafuliwa, unabeba tena miaka. Na fundi aliyesifiwa wakati ule hakuwa mwenye kushona mishono ya kupendeza, alikuwa mwenye kubana kitambaa. Mwenzetu mmoja alikuwa na utani wake: "Mwalimu akikata, hata panya hapati cha kutandika."

Basi siku moja akaja jirani yangu, mama wa Kihaya, mumewe karani bandarini. Alikuwa na kitambaa ambacho dada yake alimletea kwa meli kutoka Bukoba. Kitambaa cha buluu, kina ndege yangeyange weupe wamesimama kwa mguu mmoja. Kikundi kizima tuliacha kazi tukakishika shika.

"Mtoto anapata kipaimara, Mwalimu," akaniambia. "Nyeupe imekosekana, padri kasema chochote kilicho safi. Ila mikono naitaka mirefu, waitu, ndugu yangu. Mpaka hapa." Akajishika kwenye kifundo cha mkono.

Hakunieleza kwa nini, na hakuhitaji. Binti alikuwa pembeni yake, wa miaka kumi na mbili hivi. Mkono wake wa kushoto, alipokuwa mdogo, sufuria ya ndizi ilimmwagikia. Ngozi ilikuwa imejikunja kuanzia juu ya kiwiko mpaka chini. Shuleni walikuwa wakimwita jina baya, na hilo nalo ninalikumbuka, na hilo nalo siliandiki. Nilimpima. Mama akamwambia, "Unaona sasa? Siku hiyo hakuna atakayekuangalia mkono."

Binti akatabasamu akiangalia chini.

Nikakata siku ya pili yake, na nikakata kwa sifa. Mkono wa gauni ni mpana juu, mwembamba chini. Ukiilaza miwili ikielekea upande mmoja, kitambaa kinapotea katikati. Ukiulaza mmoja kichwa juu na mwingine kichwa chini, inaingiana, unaokoa kitambaa. Kwa kaniki nilifanya hivyo kila siku. Wenzangu walikuwa wananiangalia, nami nikalaza hivyo hivyo, nikakata, nikawaonyesha kilichobaki. "Mnaona?" nikasema. Wakashangilia.

Nilipofika nyumbani kuunganisha ndipo nikaona. Kaniki haina juu wala chini, lakini ndege ana kichwa na ana miguu. Mkono mmoja yangeyange wamesimama vizuri. Mwingine, ule wa kushoto, wote miguu juu, midomo chini, kama wamenyongwa kwenye kamba.

Nikachukua futi kamba, nikapima mabaki. Kilichobaki hakikutosha kukata mkono mwingine mrefu. Kilitosha mfupi. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe. Ningeweza kuchukua gauni, nikaenda nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikasema, mama, nimekosea. Sikwenda. Nilimfikiria yule mwenzetu wa utani, nikafikiria atakavyosema, nikaona heri mikono yote miwili iwe mifupi. Nikaufupisha ule mzuri, nikakata mwingine mfupi, nikashona. Ule wa ndege waliopinduka nikauweka chini ya godoro.

Mama alipokuja kuchukua, alilinyoosha gauni akalitazama. "Mikono vipi?"

"Kitambaa kimerudi, mama. Nilikiloweka kabla ya kukata, kikarudi sana, kikawa kifupi. Vya siku hizi vimechanganywa."

"Kimerudi?" Akalikunja gauni. "Basi. Bahati yake ndiyo hiyo." Akanishukuru. Akanishukuru kabisa, na ndizi mbivu akaniachia.

Kanisani nilikwenda, maana jirani huwezi kukosa. Watoto walipanga mstari kwenda kwa askofu, na yule binti alitembea ameukumbatia mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, kama mtu anayesikia baridi. Msimamizi wake alimnong'oneza anyooshe mikono. Akanyoosha. Nikasikia watoto wa benchi la nyuma wakilitaja lile jina, wakacheka. Mimi niliinamisha kichwa nikajifanya nasali.

Ule mkono wa gauni nao haukuniacha nilale juu yake kwa raha. Mwishowe nikaona niutie kwenye mfuko. Ningekuwa na akili ningeukatakata vipande vidogo. Lakini kitambaa kile kilikuwa kizuri mno, nilishindwa kukitia mkasi mara ya pili. Nikauweka mzima katikati ya ubavu wa mfuko, huku na huku nikajazia khaki, na nikaugeuza ili ndege wakae sawa. Nikahakikisha mfuko ule unachukuliwa na mama mmoja wa Butimba, aliyekuwa anakuja kikundini mara moja moja. Nikajiambia Butimba ni mbali.

Haikupita miezi mingi, unga ukatangazwa duka moja tu pale mjini. Watu walitoka kila upande. Tulipanga foleni tangu asubuhi, jua likatupanda kichwani. "Foleni hii," mmoja akasema, "ukiingia na mimba hapa mwanzo, mtoto anafika dirishani anajua kusoma." Tukacheka. Mimi nikacheka mpaka nilipomwona yule wa Butimba mbele yangu, mfuko wake mtupu ameuning'iniza begani, na nyuma yake hatua mbili yule mama wa Kihaya na binti yake.

Binti ndiye aliyeona kwanza.

"Mama, ndege wangu."

"Acha," mama akamwambia. "Ndege ni wa kila mtu."

"Ni wangu. Naomba nione, mama," akamwambia yule wa Butimba, kwa adabu tu. Naye, bila kujua kitu, akampa.

Nikaingilia haraka. "Ah, hivyo ni vipande vya pembeni. Vilibaki vidogo vidogo." Huo ukawa uongo wa pili, na nikausema mbele za watu.

Binti aliuzungusha mfuko, akaupapasa ule mshono wa katikati na kidole. Kisha akaugeuza, mdomo chini, kitako juu. Akaupandisha begani, akanyoosha mkono wake wa kushoto juu yake. Ule upana wa juu ukakaa begani pake, na ule wembamba wa chini ukafika kwenye kifundo cha mkono. Ukafika pale pale mama yake alipojishika siku ile. Na ndege wote walikuwa miguu juu.

Watu wa foleni wakasogea kutazama. Kisha mmoja wa kikundi chetu akasema, wala hakupaza sauti: "Mwalimu, mtoto kapima vizuri kuliko wewe."

Yule wa Butimba akaanza kusema, "Jamani, mimi nilipewa tu, chukueni." Mama wa Kihaya akauchukua mfuko mkononi mwa binti, akamrudishia mwenyewe. "Bebea unga wako, dada." Mimi hakunitazama. Nilitoka kwenye foleni, siku hiyo nyumbani kwangu tukalala na viazi.

Siku iliyofuata yule wa Butimba aliniletea ule mfuko mwenyewe, akasema hawezi kuubeba tena. Nikaufumua, nikaufua ule mkono wa gauni, nikaupiga pasi, nikaenda nao nyumba ya tatu. Mama alinikaribisha. Akaniletea buni za kahawa za kutafuna kwenye kisahani kama wafanyavyo kwao kwa mgeni, na hapo ndipo nilipoona vibaya zaidi. Nilimweleza yote, binti akiwa amekaa mkekani anasikia. Nilieleza nilivyolaza, nilivyokata, niliyemwogopa. Nikasema nitaunganisha mikono mirefu, nitapata namna.

Mama alitafuna buni yake taratibu. "Ungelileta gauni hivyo hivyo," akasema. "Ndege nani angewaangalia? Mkono ndio waliouangalia."

Nikamgeukia binti, nikamwomba radhi, mimi mtu mzima, na nikampa ule mkono wa gauni. Hakuupokea.

"Kipaimara ni mara moja, mama," akaniambia.

"Msamehe Mwalimu," mama yake akamwambia.

"Nimesikia."

Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na mama yake hakumlazimisha.

Kikundini niliwaeleza wote, na mkasi nikauweka mezani. Walicheka, wakanitania wiki nzima, kisha wakanirudishia, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukata. Nikaendelea kukata. Jina la Mwalimu liliendelea pia, na kila walipoliita nilitamani wasiliite.

Yule binti sasa ni bibi kama mimi, ukitutazama tulivyozeeka utadhani nimemzidi miaka michache tu. Yuko hapa hapa mjini, huvaa mikono mirefu hata joto likiwa kali. Tukikutana sokoni husimama, huniamkia shikamoo kwa heshima yote, nami naitikia marahaba. Macho yangu huwa yameshafika kwenye ule mkono wa kushoto kabla sijajizuia. Naye ananiona ninavyoangalia, ananiuliza habari za wajukuu.