Kuvu Inayokula Pamba

Baba yangu mzazi leo kanipiga marufuku kukanyaga nyumbani. Bado nimeduwaa.

Alipita maabara hapa Bariadi kunisalimia. Kwa furaha nikamwonyesha chupa yangu: kitambaa cha pamba nilichokiweka na kuvu kimeyeyuka chote.

"Kuvu hii ina kimeng'enya kikali, Baba. Viwanda vinakitafuta."

Akaisogelea chupa, akaichungulia.

"Mayu, mdudu huyu umemtoa wapi?"

"Shambani kwetu, kwenye mabua yaliyooza."

Akarudi nyuma hadi mlangoni, akijikung'uta shati. Hata mkono hakunipa.

Pamba yetu yote ya mwaka huu imerundikwa chumbani kwangu, nyumbani Lalago.

"Usije mpaka tuuze."

Sasa nani amwambie kwamba viatu alivyoondoka navyo vimejaa udongo wa shamba lile lile?