Shuka Lililoanguka Ukweni

Kisa hiki mke wangu hukisimulia vizuri kuliko mimi, tena kwa vitendo, kwa hiyo bora nikiseme mwenyewe kabla hamjakisikia kwake: mimi ndiye yule mtu mzima aliyeingia ukweni kwa mara ya kwanza akiwa kwenye mstari mmoja na watoto waliotoka kutahiriwa. Sasa nina miaka arobaini na ushee, na bado nikikumbuka, masikio yanapata moto.

Kwetu ni Masasi. Niliondoka na cheti cha kidato cha nne na suruali mbili, nikakwama Rufiji tukingoja maji yapungue, nikafika Dar, nikapanda treni ya Mwanza iliyokuwa ikisimama porini kama mtu aliyesahau anakokwenda, halafu meli mpaka Musoma (nikatapika usiku kucha, mimi niliyedhani mtu hutapishwa na bahari tu, siyo ziwa). Mkiniuliza nilikuwa natafuta nini, sijui. Miguu yangu haikujua kukaa. Nikapata kazi Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na huko nikamkuta Nyangeta, binti wa Butiama aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake, na kwa mara ya kwanza miguu ikatulia.

Miaka ile mnaikumbuka. Sabuni ilikuwa mali ya kufungia sandukuni, sukari ya foleni, na suruali zangu mbili zilikuwa zimebaki moja. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Nyangeta ikapangwa, na kabla haijafika, robota la pamba likateleza kiwandani nami nikalidaka kwa ujinga wa ujana. Kitu kikachomoka kwenye kinena, kivimbe kama yai. Ngiri. Nikapelekwa Musoma kupasuliwa.

Dawa ya kumlaza mtu haikuwepo, wakanichoma sindano ya ganzi mgongoni, nikawa macho mwanzo hadi mwisho, nasikia vyuma vikigongana na daktari akiulizia bei ya samaki, sato. Sikulia. (Hilo lishikeni, litarudi.)

Kupasuliwa, ndugu zangu, si kazi. Kazi ni kupona. Hakuna aliyenieleza kwamba kuinuka kitandani kungekuwa safari, unajiviringisha ubavu kama gogo, unashusha miguu kwanza, ndipo unaomba Mungu. Hakuna aliyenieleza kuhusu chooni (hapo niacheni). Muuguzi, mama mmoja mnene wa maneno machache, aliponiruhusu alinionya hivi: "Usibebe kitu. Usivae cha kubana hapo. Usipande magari ya kurukaruka. Na ukikohoa, ukipiga chafya au ukicheka, shika kidonda kwa mikono yote miwili. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Nikaenda kuuguzwa Mwisenge, pale pale Musoma, kwa rafiki yangu Masatu, mvuvi, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Siku ya Butiama ikakaribia. Masatu akasema, "Tupeleke habari kwamba unaumwa." Mimi nikakataa. Kwanza, mkwe mtarajiwa asiyetokea siku aliyoahidi wanasema amekimbia. Pili, nilishasikia maneno ya vijiweni kwamba aliyepasuliwa ngiri si mwanaume tena, kazi imekwisha, na maneno hayo sikutaka yafike kwa Mzee Wambura, baba yake Nyangeta, kabla yangu. Nikasema nitakwenda, nitakaa kwenye kiti kimya kimya kama mtu mwenye adabu, nitarudi, na hakuna atakayejua. Uamuzi wenyewe ndio huo.

Suruali ilinishinda asubuhi ile ile. Kiuno chake kilikaa juu ya nyuzi kabisa. Mke wa Masatu akanipa shuka jeupe. "Funga shingoni, shemeji, liwe linapwaya. Nani atakuuliza?" Masatu akabeba mche wa sabuni na sukari tuliyoipata kwa mbinde, tukadandia lori mpaka Makutano, kila shimo nikilihesabu kwa meno, kisha lori jingine likatushusha karibu na kijiji cha kina Nyangeta, nikashika fimbo nikaanza kutembea: shuka jeupe shingoni, miguu imeachana, taratibu, uso umekunjamana.

Lakini ulikuwa Desemba, ndugu zangu. Shule zimefungwa. Na mtu wa Mara akimwona mwanaume wa shuka na fimbo mwezi wa Desemba, anayetembea kama amebeba yai katikati ya mapaja, haulizi anaumwa nini. Anajua.

Tukasikia filimbi nyuma yetu. Kundi la wanawake na vijana wenye matawi, wanawasindikiza nyumbani watoto waliotahiriwa, wote mashuka, wote fimbo, wote mwendo wangu. Kuwapisha siwezi, kukimbia siwezi. Wakatufikia. Wimbo ukakatika ghafla.

"Na huyu mkubwa je?" mama mmoja akauliza.

"Kumbe alikuwaga bado!" mwingine akajibu. "Na ndevu hizo!"

"Afadhali amekuja. Wengine wanazeekaga nayo."

Nikamgeukia Masatu aseme neno. Masatu alikuwa ameangalia milima, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Bibi mmoja mkavu, macho makali, akanipaka unga kwenye paji la uso, akasema, "Usiogope, mjukuu, umefanya vizuri. Baba yako anaitwa nani, tukuimbie?"

Maana desturi yao ni hiyo: aliyevumilia kisu huimbiwa kwa jina la baba yake. Na hapo nikauma midomo. Baba yangu, Mzee Nandonde, alinipeleka jandoni mwenyewe nikiwa mdogo, akanibeba mgongoni kunirudisha. Leo jina lake liimbwe barabarani kwa ajili ya mwanawe anayetahiriwa na ndevu? Nikanyamaza. Wakasema, "Hana baba, maskini," wakaniweka mstarini, nyuma ya mtoto mdogo aliyenigeukia akaninong'oneza, "Pole, mzee. Ukilala chali haiumi sana."

Nilipanga kuchomoka kwenye njia ya kwanza. Lakini mstari ukapinda, ukaingia kwenye mji wa mtu, wenye zizi kubwa, na mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani, akimngoja mchumba wake, amesimama Nyangeta. Yule mtoto wa mbele yangu alikuwa mdogo wake. Na yule bibi wa unga? Mama yake Mzee Wambura.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mzee Wambura akasimama na kunitazama kuanzia unga mpaka kandambili.

"Masatu," akasema, "tuliambiwa unatuletea mwanaume wa kuoa. Huyu aliyetahiriwa wiki hii ni nani?"

"Mzee, siyo hivyo. Ametoka hospitali. Amepasuliwa ngiri."

"Ngiri!" akina mama wakanong'onezana, na nikamwona mama yake Nyangeta akishika kichwa. Nikaona kabisa binti ananitoka. Mwoga wa kisu asingepewa, na wa ngiri naye asingepewa, mimi nilikuwa nimeshikwa na yote mawili kwa mpigo.

Ndipo bibi akasonya. "Hee! Kwa hiyo unga wangu nimeupaka kwenye tumbo bovu? Nirudishie, nikasonge ugali!"

Nikacheka. Sikutaka, kilinitoka tu, na maumivu yakapita kinenani kama moto, nikakumbuka mafunzo, nikashika kidonda kwa mikono yote miwili kama nilivyoagizwa. Fimbo ikaanguka, kandambili ikakanyaga pindo la shuka, fundo la shingoni likafunguka, nami nikasimama uani kwa wakwe zangu kama nilivyozaliwa. (Muuguzi alisema nishike kidonda. Hakusema shuka lishikwe na nani.)

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga, akakimbilia jikoni. Wanawake wakatawanyika kama kuku. Bibi peke yake hakukimbia. Alisogea, akaangalia bila haraka, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, akatangaza kwa sauti ya kufika mpaka Bunda:

"Huyu alishamalizaga zamani! Tena ilikatwa vizuri! Kidonda ni cha juu huku!"

Mzee Wambura akanitupia shuka, akanichukua nyuma ya zizi, akazitazama nyuzi zangu kwa makini.

"Walikulaza usingizi?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa macho."

"Ulilia?"

"Sikulia."

"Na mambo mengine?"

"Daktari amesema niko mzima, mzee. Nipone tu."

Halafu akauliza, "Baba yako anaitwa nani?"

Safari hii nikasema. Akatoka, akasimama katikati ya uwanja. "Mtu huyu wamempasua tumbo akiwa macho, hakulia. Ni mtoto wa Nandonde, wa Masasi. Mwimbieni."

Wakaimba. Wakalivunja kidogo jina kwa lafudhi yao, lakini wakaliimba, na milima ile ikalirudisha, jina la mkulima wa korosho ambaye hakuwahi kuvuka Rufiji. Nilisimama nimeshika kidonda kwa mkono mmoja na shuka kwa mwingine, machozi yananitoka, nikasingizia nyuzi.

Nyangeta nilipewa. Kwa sharti moja: alichokiona mama mkwe lazima kifunikwe, nimletee doti mpya ya kanga. Mpya! Miaka ile! Nililala na deni hilo mpaka bidhaa ziliporudi madukani, kanga zikajaa Musoma mpaka barazani, nikachagua nyekundu, nikaipeleka kwa mikono miwili huku nimeangalia chini. Akaipokea naye ameangalia pembeni.

Baadaye kiwanda kikalegea, kisha kikafungwa, na miguu yangu ikaanza tena kuwasha. Siku tulipohama, na watoto wetu na godoro juu ya basi, mama mkwe alikuja mpaka Makutano amejifunga ile kanga nyekundu, na bibi, amekongoroka lakini sauti ile ile, akapiga kelele mbele ya abiria wote, "Mtoto wa Nandonde! Shika shuka!"

Nikashika mkanda wa suruali yangu kwa mikono yote miwili, nikacheka mpaka basi likapita kona. Tangu hapo, nikitoka hospitali naenda kwangu moja kwa moja, siendi ukweni, na shuka nafunga mafundo mawili.