Minyoo wa Shamba la Mama

Kazi yangu ilikuwa kutafuta minyoo wanaoua wadudu. Ni wadogo mno, jicho tupu haliwaoni. Nilichota udongo wa kila kilima, nikautia koponi pamoja na viwavi wanaokula nta ya mizinga, nikasubiri siku mbili tatu. Kiwavi akifa akageuka kahawia, ni minyoo wa aina moja. Akigeuka mwekundu, ni aina nyingine. Mnyoo humwingia mdudu, humtapikia bakteria aliowabeba tumboni, na hao ndio wauaji. Peke yake mnyoo hana meno, na bakteria hana miguu. Wamekaa pamoja tangu kale hata hawawezi tena kuachana. Mkataba wao si wa amani wa kutiwa saini hotelini, ndiyo maana umedumu.

Waliogeuza viwavi wekundu kuliko wote walitoka shamba la mama, kule kijijini Kibati. Waliwamaliza funza waliokata mizizi ya maharage yake, na sikuwapata wa namna hiyo kwenye kilima kingine chochote.

Vita vilipofika niliacha godoro na vyeti, nikabeba sponji moja mbichi yenye minyoo hao ndani ya kopo. Tulipofika kambini, pembeni ya Goma, nilimwachia mama kopo nikaenda kupanga mstari wa turubai. Nilimwomba tu sponji isikauke.

Katika ukimbizi wetu wa kwanza mama alimzika dada yangu, aliyeuawa na kipindupindu. Tangu hapo haamini maji ya mtu.

Niliporudi, kopo lilinuka klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji.

"Nilitia dawa, papa," mama aliniambia kwa furaha. "Maji ya hapa ni mubaya. Nimeongeza nyingi, badudu yako isishikwe na kolera."

Nilikasirika. Nilitaka kumfokea jenerali, waziri, hata Mungu. Aliyekuwa mbele yangu ni mama.

"Aksanti, mama," nikasema.

Shamba sasa ni mahandaki ya askari, hakuna anayekanyaga kuchota udongo. Kopo sijalitupa. Kila msimu wa kupanda mama huuliza kama minyoo wangali wazima, nami husema wapo. Juzi aliniletea kiwavi aliyemwokota kwenye kabichi, amemfunga katika jani.

"Ulishe ile badudu," alisema. "Siku tutarudia kwetu, tusiende mikono mitupu."

Nilimtia koponi, nikajidanganya kidogo. Siku ya tatu nilifunua. Kiwavi alikuwa mzima, anatambaa.