Koti la Posa na Kifaransa cha Mfukoni

Najua watu wa Buguruni bado wananicheka, tena wameshatia chumvi mpaka eti nilivuliwa suruali, kwa hiyo bora niwaambieni mwenyewe: suruali sikuvuliwa. Nilivuliwa koti tu.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa dobi, na siku moja mtumishi akaniletea koti jeusi la bwana wake, karani wa Kikongo aliyefanya kazi bandarini na Wabeleji. Mfukoni nikakuta karatasi ya somo la mtoto: mon, ma, mes, ton, ta, tes, son, sa, ses, na pembeni imeandikwa maana yake kwa Kiswahili: yangu, yako, yake. Badala ya kuirudisha nikawa naisoma huku napiga pasi, siku ya tatu nimeihifadhi yote, na kwa kuwa ulimi wangu haujui kutulia nikajitapa kwa Mwanahawa, binti niliyetaka kumuoa, kuwa mie Kifaransa nakimudu, naye akamwambia baba yake, Mzee Shomari, mnyapara wa makuli bandarini, ambaye alitamani sana mkwe msomi.

Siku ya posa mshenga wetu, Mjomba Saidi, alinikataza: "Muoaji haendi. Kaa nyumbani, maneno niachie mie."

Nikaona ataniharibia, nani atamwonyesha mzee Kifaransa changu? Nikamfuata, tena nimevaa lile koti, maana la kwangu sikuwa nalo (shati nalo lilikuwa la mteja, ila mwenyewe alikuwa safarini).

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vizuri umekuja, nimekualikia mtu wa kuongea naye."

Kwenye jamvi ameketi Mkongo mmoja mnene, mpole. Akanisalimu kwa Kifaransa. Sikuambulia kitu, lakini macho yote yalikuwa kwangu na Mwanahawa yuko nyuma ya pazia anasikiliza, basi nikafumba macho nikaanza, mon, ma, mes, ton, ta, tes, kwa madaha, hapa napandisha sauti, pale nashusha, mpaka shangazi mmoja akadhani ni dua, akainua mikono, "Amina!"

Mkongo alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili (kumbe Kongo nako wanakisema, nani aliniambia?), "Ndugu yangu, umesema yangu, yako, yake, lakini ya nini? Nikusaidie. Mon veston. Koti langu. Hilo ulilovaa."

Nyuma ya pazia nikasikia kicheko cha Mwanahawa, na hicho ndicho kilichoniuma. Nikavua koti, nikalikunja kidobi, nikamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Mzee Shomari wala hakufoka.

"Mshenga, mrudishe kijana wako. Akiwa na chake, aje."

Miezi sita nilikula mihogo mitupu mpaka nikashona kanzu ya kitambaa cha marekani. Mjomba akaniapisha nisifumbue mdomo. Tulipofika, mzee akaipapasa ile kanzu, akaniuliza, "Ya nani hii?"

"Yangu," nikajibu.

Tangu hapo nguo ya mteja sijaitia mwilini, hata kupima mkono tu, wala Kifaransa sijakitia mdomoni, ingawa kila nikivaa nitoke, mke wangu Mwanahawa hunisimamisha mlangoni: "Ya nani hiyo?"