Giligilani Yenye Haraka

Shangazi yangu, fundi cherehani, hukaa roho juu kwa ajili ya giligilani. Kila msimu inachanua mapema zaidi, kabla majani hayajatosha hata sufuria moja. "Joto hili lina ugomvi na mimi!" hufoka.

Jana dukani, muuza mbegu alimuuliza, "Mbegu unazitoa kwenye mche upi, mama?"

"Unaowahi kuchanua. Ningoje nini?"

"Basi miaka yote umekuwa ukichagua miche yenye haraka. Chukua mbegu za ule unaochelewa."

Alirudi mbio, akapita moja kwa moja hadi bustanini. Tuta zima lilikuwa maua matupu. Mche mmoja tu ulikuwa umechelewa, mnene, majani tele, na asubuhi ile nilikuwa nimeung'oa kwa ajili ya mchuzi.

Nilipomwambia, alikwenda jikoni, akafunua sufuria.

"Mzizi umeutupa wapi?"