Kiatu Kipimwe Mzigo Ukiwa Mgongoni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo miguu yangu inaikumbuka kabla ya kichwa. Nikikanyaga mawe yaliyoshika joto la jua, nyayo zenyewe zinaanza kunisimulia, nami nabaki kuzisikiliza.

Najua unacheka ninapokuita mwanangu. Mimi mwenyewe sijafika miaka thelathini, na shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Cheka tu. Kwetu Goma mutu akishakimbia mlima wa moto mara moja na vita mara mbili, anaruhusiwa kuzeeka kidogo mapema.

Umenijia hapa kibandani kwangu Katindo na swali moja: viatu gani vinafaa kwa baskeli? Ni swali zuri. Wengi wanaanza kuuliza habari ya kofia na miwani, wewe umeanza chini, pale nguvu inapoingilia. Ila kabla sijachukua kamba nikupime, kaa kwenye hicho kigoda nikueleze jinsi nilivyojibu swali hilo vibaya, na jinsi muzee mmoja wa chukudu alivyonisahihisha bila kunigombeza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nililelewa na koko yangu, mama ya mama, hapa hapa Katindo, karibu na ukuta wa kambi ya wasoldati. Koko alikuwa na nyonga mbovu. Kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari. Mimi nilikuwa na ndoto. Klabu moja ya mtaani ilikuwa imeniazima baskeli ya mbio, na kila asubuhi nilipanda nayo barabara ya kaskazini nikijiona niko nchi za watu, watu wamejipanga kando wanaita jina langu, Furaha, Furaha. Waliojipanga kweli walikuwa mbuzi, lakini haikunisumbua.

Halafu nikavipata viatu. Vilikuwa ndani ya rundo la mitumba sokoni Virunga, vyeupe, vyembamba, soli ngumu kama ubao, na chini ya kila soli kipande cha plastiki kinachonasa kwenye pedali. Vilinikaa sawasawa. Mwanangu, sikudanganyi, usiku ule nililala navyo kando ya kichwa. Na barabarani vilikuwa ajabu. Soli ngumu haili nguvu yako; unachosukuma chote kinafika kwenye gurudumu. Nikawa navivaa hata kwenda kuchota maji, vikilia ka-ka-ka juu ya mawe, na koko akisema, "Huyu mutoto anatembea kama mbuzi kwenye sakafu ya simenti."

Mutu aliyetuletea makala, ndiyo mkaa wa kupikia, alikuwa Muzee Kambere. Alitoka Kalengera, huko kaskazini Rutshuru, akija na chukudu yake, ile baskeli yetu ya mbao isiyo na pedali wala kiti, imejaa magunia kupita kimo chake. Unajua wanavyoiendesha: goti moja linakaa juu ya kigodoro cha mpira, mguu wa pili unasukuma chini. Kwenye mteremko wanasimama wima, na kwa mguu wanakandamiza kipande cha tairi kwenye gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo freni. Muzee Kambere alikuwa na jambo moja lililonichekesha kila mara. Viatu vyake havikufanana. Kushoto sandali nzito ya tairi la kamio, yaani lori, kulia buti la mpira lililokatwa shingo.

Siku moja nikamuuliza, "Muzee, ulivaa ukiwa gizani?"

Hakukasirika. Akatazama viatu vyangu vyeupe, akasema, "Na weye, hizo ni za kutembelea ao za kuangalia?"

"Ni za kukimbia, Muzee."

"Sawa. Na kama baskeli inakataa?"

Nikacheka. Baskeli yangu haikuwa ya kukataa.

Basi mlima ule wa moto ukawaka. Wewe ulikuwa mdogo, lakini utakuwa umesikia. Moto ulishuka ukakata barabara ya kaskazini pale Kibati, ukasimama pembezoni mwa mji. Siku chache ardhi ikawa inatetemeka bila kupumzika, vyombo vinagongana kabatini, na asubuhi moja tangazo likapita kwamba watu wa mitaa yetu waondoke. Mji mzima ukamiminika upande wa Sake. Mimi nikasimama mlangoni na koko yangu asiyeweza kutembea, nikaona malori yanapita, watu wananing'inia kila upande, na nikajua hakuna gari litakalompokea. Nakuambia, ndoto zote ziliniishia pale mlangoni.

Ndipo akatokea Muzee Kambere na chukudu tupu, anarudi kwake.

"Mama," akamwambia koko, ingawa walikuwa karibu marika, "mudogo wako hakuolewa kwetu Kalengera?"

"Aliolewa kule."

"Basi kuya. Tunaenda kumwamkia."

Alimketisha koko juu ya mbao na matandiko mawili, akamfunga kiunoni kwa kamba. Koko akasema, "Leo mie ni gunia ya makala. Angalia usiniuzishe njiani." Muzee akaniangalia miguuni. "Furaha, tafuta viatu vingine." Nikamwambia nitapanda baskeli, vinatosha, tena siwezi kuviacha vikaibwa. Hakurudia. Wazee wa namna ile wanakuambia mara moja tu.

Tulifika Kibati jua likiwa limepanda. Barabara iliishia kwenye ukuta mweusi. Mawe mapya, moto wa juzi ulioganda, yamelala juu ya njia kama mkate ulioungua, yanatoa moshi mdogo mdogo, na harufu inakwangua koo. Watu walikuwa wameshatengeneza kijia cha majivu juu yake, wanavuka mmoja nyuma ya mwingine, vitu kichwani. Wenye chukudu walikuwa wakisaidiana. Kwao hakuna anayeachwa chini ya mlima: wawili wanainua chukudu ya huyu, wanarudi kuinua ya yule, na hakuna anayeuliza jina. Wakainua ya Muzee Kambere, wakaweka baskeli yangu juu yake. Lakini mutu kumbeba mutu, kila mmoja alikuwa tayari na wake.

"Koko ni wangu," nikasema. Muzee akamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge, kama mutoto. Miguu nilikuwa nayo. Mlima ule nilikuwa naupanda kila siku.

Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, kile kipande cha plastiki kikateleza. Soli ngumu haipindi, mwanangu, haijui jiwe limekaa vipi. Ya nne nikaanguka kwa goti, na koko akaegemea upande ambako kulikuwa na ufa unapumua joto. Nikasikia pumzi yake imesimama shingoni mwangu. Nilijishika kwa mikono, viganja vikaungua, na nikaanza kunusa plastiki inayeyuka. Muzee akanivuta nyuma kwa kitenge, sote wawili, mpaka kwenye udongo.

Nikalia. Nilivivua vile viatu nikataka kuvuka miguu mitupu. Koko akasema kwa upole, "Ukiungua miguu, nani atanibeba? Niache hapa na maji, uende."

Muzee Kambere akageuka. Alimfuata yule aliyeshika chukudu yake, akamwomba aiteremshe, akatoa panga, akaanza kung'oa freni.

"Muzee, hiyo ni freni yako."

"Freni ni ya kushuka. Sasa tunashuka?"

"Na mbele ya Kibumba? Yote ni mteremko."

"Mbele ni mbele."

Nikanyoosha mguu anipime. Akakataa. "Simama. Mubebe koko kwanza."

Sikuelewa. Nikasimama na koko mgongoni, yeye akachuchumaa na kipande cha makala, akazungusha pembeni ya mguu wangu juu ya mpira uliojaa majivu, taratibu, kana kwamba mlima haukuwepo. "Muguu ya mutu amebeba si ile muguu ya mutu amekaa," akasema. "Inapanuka. Inakuwa murefu. Ukipima mutu amekaa, kiatu kitamuumiza pale pale, fasi ya nguvu."

Freni ikatoa soli moja. Ya pili aliikata kwenye kigodoro cha goti lake. Akazifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baskeli, vikapita kisiginoni, vikapita juu ya vidole. Moja ilikuwa nene, nyingine nyembamba. Nikaangalia chini, nikaona kwamba mimi niliyemcheka sasa viatu vyangu havifanani. Koko naye akaona, akacheka mgongoni mwangu mpaka tumbo lake likanitikisa, na kicheko kile ndicho kilichonipa nguvu.

Tukavuka. Mpira ule ulishika kila jiwe. Uliniambia lipi linacheza na lipi limetulia. Mguu wangu ulisikia kila kitu. Joto lilipita, lakini taratibu, na Muzee alikuwa mbele anasema tu, "Hapa. Hapa. Si pale. Hapa." Upande wa pili nikamteremsha koko kwenye majani mabichi, akayashika kwa mikono miwili kama mutu anayesalimia.

Tulilala Kibumba. Kesho yake ndipo nilipomwona Muzee Kambere alivyo. Njia inashuka Rugari, inashuka Rumangabo, na siku zote wenye chukudu wanaruka pale kama ndege. Ndiyo raha yao, ndicho wanachopandia milima. Yeye hakuruka. Alitembea njia yote nyuma ya chukudu, amejivuta nyuma, anaizuia kwa mikono na kwa kisigino chake, ili mama wa watu asikimbizwe na mbao isiyo na freni. Vijana walitupita wakimtania, "Muzee, leo chukudu inakuendesha?" Akawajibu, "Nimebeba mayai." Koko akageuka, "Mayai ni nani?"

Tulipoingia Kalengera, sandali yake ya tairi ilikuwa imetoboka kisiginoni, na kisigino kilikuwa kinatoka damu. Koko alimwona kabla yangu. Akaitisha maji ya vuguvugu kwa mdogo wake, akakataa kusaidiwa, akakaa chini na nyonga yake ile ile, akamwosha mguu. Muzee Kambere akaangalia pembeni kwa haya.

"Freni nitapata ingine," akasema. "Koko iko moja tu."

Usiku ule sikuota mbio. Niliota kisigino chake. Tuliporudi Goma nikaanza kushona viatu.

Vita vilipochukua tena barabara ile, ikawa zamu ya kina Muzee Kambere kukimbia. Nikasikia watu wa Rutshuru wamejaa kambini Kanyaruchinya, karibu na mji wetu, juu ya mawe yale yale. Nilizunguka siku tatu kati ya vibanda vya turubai mpaka nikamwona, miguu mitupu, chukudu imebaki huko. Mizinga ilikuwa inasikika kwa mbali. Nikatoa kipande cha makala.

"Simama, Muzee. Beba hilo furushi la kuni kwanza."

 Akabeba, akasimama, nami nikachora pembeni ya miguu yake. Nilimtengenezea sandali, ya kushoto nzito, ya kusukumia, kisigino mara mbili. Ya kulia laini, nyembamba, ili mguu usikie gurudumu linapogeuka chini ya freni. Alizivaa, akakanyaga, akazunguka kibanda chake. "Mutu atasema nilivaa nikiwa gizani," akasema. Mwezi ule ule wenzake wakachonga naye chukudu mpya. Sasa analeta makala mtaani kwetu, na koko bado anamuuliza kama amebeba mayai.

Basi sikia ninachotaka ukibebe. Kama unataka mbio za barabarani, chukua soli ngumu inayonasa, ibane mguu bila kuuminya vidole, na ndani ya mfuko weka sandali, kwa maana kile kiatu hakijui kutembea. Kama njia yako ni ya mawe na udongo, tafuta soli yenye meno, na kinachonasa kiwe kimezama ndani ili jiwe likutane na mpira, si plastiki. Kama unabeba viazi ama ndizi, nusu ya safari utasukuma kwa mikono. Taka kiatu kinachopinda mbele na kinachofunika vidole. Wa shule, soli bapa yatosha, ila kamba uzifiche mnyororo usizile. Na usipime kiatu asubuhi ukiwa umeketi na mguu umepumzika. Kipime jioni, umesimama, na mzigo wako mgongoni.

Lakini la kwanza kabla ya yote, jiulize alichoniuliza yule muzee: baskeli ikikataa, nitakanyagia nini, na nitambeba nani? Jibu la hapo ndilo kiatu chako. Na ukimwona mutu amevaa kitu kinachokuchekesha, muulize kwa heshima kinafanya kazi gani. Nilichelewa kuuliza mpaka kikanivusha.

Mungu akupe barabara ndefu na miguu isiyochoka nayo. Akupe mbio, watu wajipange kando waite jina lako, hata kama mwanzoni ni mbuzi. Na pale njia itakapokatika, akuwekee mutu mmoja mwenye panga na moyo wa kung'oa freni yake. Na siku yako ikifika, uwe wewe. Sasa inuka. Chukua lile gunia la mpira pale kona, libebe, usimame hapa nikupime.